Barua tatu kwa Mkurugenzi, majibu hakuna: kituo chetu kitasaidiwaje na halmashauri?

"Sisi ni akina mama saba katika halmashauri ya mji. Tangu 2021 tunaendesha kituo cha mchana cha watoto wenye ulemavu, wengi wana mtindio wa ubongo. Wazazi wanawaleta asubuhi wakienda kutafuta riziki. Tunawapa uji, mazoezi ya viungo kadiri tunavyojua, na kuwaangalia mpaka jioni. Cheti cha CBO, yaani cha kikundi cha kijamii, tunacho, kimetolewa na halmashauri. Sasa mwenye nyumba anataka kodi ya mwaka mzima na ametupa miezi mitatu. Tumesikia kila halmashauri inatenga asilimia 10 kwa watu kama sisi. Tumemwandikia Mkurugenzi barua tatu, kimya. Mwenyekiti wa mtaa anasema bila kumjua diwani tunapoteza muda. Mwenzetu mmoja anashauri tukope hiyo asilimia 10 kama kikundi cha wanawake tulipe kodi, mengine tutayaona mbele. Na kuna kijana anasema atatusukumia faili kwa laki mbili. Tufanye nini?"

Dada yangu, poleni na kazi, na hongereni. Kukaa na watoto wenye mtindio wa ubongo kutwa nzima, mwaka baada ya mwaka, si kazi ya kila mtu. Nianze na la haraka, maana naona mna tarehe inayowakimbiza: kodi msiilipe kwa mkopo wa asilimia 10, na laki mbili za huyo kijana zibaki kwenye uji wa watoto. Mengine tutayachambua taratibu, kwa sababu naona mambo matatu tofauti yamefungwa kwenye furushi moja: mkopo, ruzuku, na huduma ambayo halmashauri yenyewe inawajibika kuitoa.

Asilimia 10 kwanza, maana hapo ndipo watu wengi wanapotea. Hapa Tanzania fedha hizo zina sheria yake. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba kwa vikundi vilivyosajiliwa. Mgawanyo wake ni asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kabla ya hapo lilikuwa agizo tu, na halmashauri nyingi zilitenga pale zilipojisikia. Sasa ni sheria, lakini ni sheria ya mikopo. Neno "kutenga kwa ajili ya wanawake" limewafanya wengi waamini kwamba kuna fungu la misaada limekaa mahali likisubiri waombaji. Halipo. Kila shilingi inayotoka pale inatarajiwa kurudi ili ikopeshwe kikundi kingine.

Na isiporudi, kelele yake ni kubwa. Aprili 2023 Serikali ilisitisha mikopo hii nchi nzima, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha mabilioni ambayo hayajarejeshwa, vikundi hewa, na vikundi vilivyosambaratika mara tu baada ya kupata fedha. Iliporudishwa mwaka 2024 ilikuja na masharti makali zaidi: kikundi kinahakikiwa kuanzia kata, taarifa zinaingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki, na halmashauri 10 zilichaguliwa kujaribu kutoa mikopo kupitia benki. Kwa hiyo afisa maendeleo ya jamii wa leo akipokea maombi yenu atauliza swali moja kabla ya mengine yote: mradi wenu unazalisha nini, na marejesho yatatoka wapi? Kituo chenu hakizalishi fedha. Mkikopa mkalipa kodi ya nyumba, mwezi wa marejesho utafika mkiwa na nyumba na watoto walewale, ila sasa na deni. Deni hilo ni la ninyi saba kwa majina yenu, na kituo hakitawakinga. Nimeona vikundi vya watu wenye nia njema vikivunjika kwa namna hiyohiyo: anaanza mmoja kukwepa simu ya afisa, kisha wanakwepana wenyewe kwa wenyewe.

Hiyo haimaanishi mlango huo umefungwa kwenu. Mnaweza kuunda kikundi cha biashara kilicho pembeni ya kituo, chenye katiba yake, akaunti yake ya benki na mradi unaoingiza fedha kweli, kisha mkakubaliana kwa maandishi kwamba sehemu ya faida inakwenda kituoni. Kwa vikundi vya wanawake kanuni zinataka watu watano na kuendelea, nanyi mko saba. Ila nawasihi msianze biashara mpya kwa fedha ya mkopo. Kama miongoni mwenu kuna ambao tayari wanafuga kuku wa mayai, wanashona au wanatengeneza sabuni na wateja wapo, mkopo utaikuza kazi hiyo. Kama hakuna, kaeni mbali nao kwa sasa. Na hata biashara ikienda vizuri, sioni ikilipa kodi ndani ya miezi mitatu.

Sasa twende kwenye barua zenu, kwa sababu kimya kile kina maelezo, na mara nyingi si dharau. Barua ikifika halmashauri inapokelewa masjala, ofisi inayotunza majalada, inagongwa muhuri wa tarehe, inawekwa kwenye jalada na kupewa namba ya folio. Siku hizi ofisi nyingi zinaiskani na kuipeleka kwenye mfumo. Inapanda kwa Mkurugenzi. Mkurugenzi anaisoma kwa dakika moja, anaandika maneno machache, kwa kawaida "Mkuu wa Idara, Maendeleo ya Jamii, shauri", na inashuka. Pale idarani afisa anaangalia kitu kimoja: kuna kasma ya kulipia jambo hili? Kasma ni ule mstari wa bajeti wenye namba, ambao bila huo mhasibu hawezi kuandaa malipo hata kama Mkurugenzi analia machozi kwa huruma. Kasma haipo. Afisa hana la kushauri. Barua inalala. Mkileta ya pili, inakwenda kulala juu ya ya kwanza kwenye jalada lilelile. Angepaswa kuwajibu, hilo nalisema wazi na sitamtetea, lakini jibu lenyewe lingekuwa "hakuna fungu."

Halmashauri, dada yangu, hailipi kilichoombwa. Inalipa kilichomo kwenye mpango wake. Ukishalielewa hilo, unaacha kuandika barua za kuomba msaada na unaanza kutafuta namna ya kuingia kwenye mpango.

Mpango una kalenda. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 na kwisha Juni 30, lakini bajeti inapikwa mapema sana. Mitaa na vijiji huibua vipaumbele vyao kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, kwa kawaida robo ya mwisho ya mwaka wa kalenda. Vinapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Vinakwenda kwa wakuu wa idara, kisha Kamati ya Fedha, kisha Baraza la Madiwani, ambalo hupitisha mapema mwaka unaofuata kabla ya vitabu kwenda mkoani, TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa) na hatimaye Bungeni. Mtu anayeleta ombi mwezi wa Machi anakuta chungu kimeshaepuliwa. Yule aliyesimama kwenye mkutano wa mtaa Oktoba, hoja yake ikaandikwa kwenye muhtasari, ana nafasi. Nasema nafasi, maana hakuna hakika.

Na jueni ukubwa wa hicho mnachogombea. Tuchukulie halmashauri inakusanya shilingi bilioni 2 za mapato ya ndani kwa mwaka, baada ya kuondoa mapato lindwa, yaani yale ambayo matumizi yake yameshapangwa. Asilimia 10 ya mikopo ni milioni 200, ambapo fungu la wanawake ni milioni 80 kwa kata zote. Miongozo ya bajeti inaitaka halmashauri ipeleke sehemu ya mapato hayo kwenye maendeleo; tuchukulie ni asilimia 40, yaani milioni 800, na hapo tayari kuna maboma ya madarasa yanayosubiri bati, zahanati isiyo na choo, na diwani wa kila kata ana lake. Halafu bajeti ni makadirio tu. Ushuru wa mazao ukiyumba, mistari midogo ndiyo inayokatwa kwanza. Ndiyo maana siwashauri muombe milioni 30 za "uendeshaji wa kituo". Mtakatwa kwenye kikao cha kwanza.

Ombeni vitu na watu kabla ya kuomba fedha. Hapa nina msimamo, na naujenga juu ya sheria. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inazipa mamlaka za serikali za mitaa wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika maeneo yao. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inaweka kamati za watu wenye ulemavu mpaka ngazi ya mtaa na kijiji. Kwa maneno mengine, watoto mnaowanywesha uji ni jukumu la halmashauri pia, nanyi mnaifanyia sehemu ya kazi yake. Mkiingia ofisini na hoja hiyo, kwa adabu, mnakuwa wabia.

Vitu gani? Chumba, kwanza kabisa. Halmashauri nyingi zina majengo yaliyolala: nyumba ya mtumishi isiyokaliwa, darasa la shule iliyohamishwa, ukumbi wa kata unaofunguliwa mara chache. Kuruhusiwa kutumia jengo kunahitaji uamuzi na hati ya makubaliano iliyopitiwa na mwanasheria wa halmashauri, lakini hakuhitaji kasma mpya. Pili, mtaalamu. Kama hospitali ya wilaya ina mtaalamu wa fiziotherapia, ombeni aje kituoni siku moja ya wiki, au awafundishe namna ya kumkalisha na kumlisha mtoto ambaye shingo haijakaza. Mnasema mnafanya mazoezi "kadiri tunavyojua", na hapo nina wasiwasi kidogo. Mtoto mwenye misuli iliyokakamaa akinyooshwa vibaya anaumia, na akilishwa akiwa amelala chali chakula kinaweza kuingia kwenye njia ya hewa. Mafunzo ya siku mbili yana thamani kuliko vifaa vya milioni. Tatu, zungumzeni na afisa elimu anayeshughulikia elimu maalumu. Baadhi ya watoto wenu huenda wamefikia umri wa shule, na shule ya msingi ya karibu inaweza kuwa na kitengo cha elimu maalumu au ikafikiriwa kufunguliwa. Mtoto akishaandikishwa huko, mwalimu wake analipwa na Serikali, nanyi mnabaki na wadogo na wale ambao hali yao haiwaruhusu.

Ukija wakati wa kuomba kitu kinachonunuliwa, kiwe kimoja, chenye bei, na kiingizwe na idara kwenye bajeti yake. Viti maalumu vya kukalia watoto, magodoro ya mazoezi, tanki la maji. Halmashauri itanunua yenyewe kwa taratibu zake za ununuzi na kuwakabidhi mbele ya mashahidi, mtasaini, na mkaguzi wa ndani anaweza kuja siku yoyote kuuliza viti viko wapi. Kwenu hiyo ni kinga. Fedha taslimu ikiingia akaunti ya kikundi kutoka halmashauri, kila risiti inayokosekana inakuwa kesi.

Mwenyekiti wenu wa mtaa kasema mpaka mumjue diwani. Kasema vibaya jambo ambalo nusu yake ni kweli. Diwani ndiye mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na ndiye sauti ya kata kwenye Baraza. Kumfahamu ni haki yenu, na ni kazi yake kuwafahamu. Mwalikeni kituoni asubuhi watoto wanapofika, msimwandalie soda na hotuba. Aone mama anavyomshusha mtoto wa miaka tisa mgongoni. Mkabidhini karatasi moja tu: idadi ya watoto kwa umri na mtaa wanaotoka, mnachofanya, mnachokosa. Diwani akienda kwenye Baraza na takwimu za watoto wa kata yake, mtendaji wa kata akiwa na muhtasari wa mkutano wa mtaa unaosema jambo hilohilo, afisa mipango ana cha kushika.

Huyo kijana wa laki mbili ni kishoka. Hakuna ada ya kusukuma faili. Akiwa ni mtumishi, ni rushwa. Akiwa si mtumishi, ni utapeli, na anaweza kuwa vyote viwili. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea taarifa kwa simu ya bure, 113. Mkitaka kujua faili liko wapi, nendeni masjala na nakala ya barua yenye muhuri wa mapokezi, ulizeni imeelekezwa kwa nani na lini. Kama hamkubaki na nakala iliyogongwa muhuri, barua ya nne iandikeni nakala mbili.

Kuna mifuko miwili mingine niitaje kwa kifupi. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, una kamati ambayo mwenyekiti wake ni mbunge. Unasaidia miradi ambayo wananchi wenyewe wameianza, na mara nyingi unatoa bati, saruji na madawati. Hautalipa kodi ya nyumba ya mtu binafsi. Ukipatikana ukuta wa jengo la jamii uliosimama, hapo ongeeni nao kuhusu paa. Wa pili si mfuko hasa: sheria ya ununuzi wa umma inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kama kile kikundi chenu cha biashara kinashona, kinaweza kuiuzia halmashauri au shule mapazia na sare kupitia NeST, mfumo wa kielektroniki wa ununuzi wa umma. Fedha hiyo ni yenu, hairejeshwi, wala hamkumwomba mtu. Naipenda njia hii kuliko mkopo, ila muwe tayari kusubiri malipo, maana halmashauri si mlipaji mwepesi.

Limebaki jambo ambalo hamkuliuliza, nalo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi. Cheti cha CBO kinawatambua ninyi kama kikundi. Hakiwapi ruhusa ya kuendesha kituo cha kulea watoto. Vituo vya kulelea watoto mchana vinasajiliwa kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na maombi yanaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye atakuja kukagua vyoo, maji, nafasi, jiko na walezi. Wengi wanaogopa ukaguzi huo wakidhani wanakwenda kufungiwa. Kwa uzoefu wangu, anayekwenda mwenyewe anapewa orodha ya kurekebisha na muda wa kurekebisha. Anayekutwa baada ya mtoto kuumia hapewi muda. Isitoshe, hakuna idara itakayothubutu kuweka jina la kituo kisichosajiliwa kwenye bajeti. Hivyo kabla ya diwani na kabla ya afisa mipango, onaneni na ustawi wa jamii, ana kwa ana, wiki hii. Nendeni wawili, si saba, na mbebe cheti, katiba, muhtasari wa kikao cha karibuni, daftari la mahudhurio ya watoto na daftari la mapato na matumizi. Kama daftari la fedha hamna, anzeni leo, hata kama ukurasa wa kwanza una sukari na unga peke yake.

Kusajiliwa kama NGO, yaani shirika lisilo la kiserikali, chini ya Sheria ya mwaka 2002 kunaweza kusubiri. Kunafungua milango ya wafadhili kama Foundation for Civil Society, lakini kunakuja na ada, taarifa za kila mwaka na hesabu. Msikimbilie hadhi hiyo kabla ya kuwa na mtu wa kuandika taarifa.

Kuhusu kodi, bajeti ya halmashauri haitawahi tarehe ya mwenye nyumba, kama kalenda ile ilivyoonyesha. Katika miezi hii mitatu itisheni kikao cha wazazi muwaeleze hesabu ilivyo, kisha mumwombe mwenye nyumba mkataba wa maandishi wa kulipa kila miezi mitatu, mtendaji wa mtaa akiwa shahidi. Sambamba na hapo ulizeni msikiti na kanisa la jirani kama wana chumba kinachokaa bure siku za kazi. Mkipata hata cha miezi sita, kitawafikisha kwenye kikao cha mtaa cha kuibua vipaumbele, na hapo muwe mmeshajua nani kati yenu atasimama kuongea. Achaguliwe anayeweza kutaja idadi ya watoto bila kuangalia karatasi.